Maji ya Élodie na Maji ya Koko

Asubuhi ile Koko Nshobole alikuwa na nusu bidoni ya maji, yaani nusu dumu, akaigawa kama alivyozoea. Maji ya kwanza yaliosha mchele. Yale ya mchele yaliosha sahani za jana, na yale ya sahani aliyachukua akaenda kuimwagia mboga yake ya lengalenga. Lengalenga hiyo aliipanda ndani ya gurudumu bovu la gari lililojazwa udongo wa kununua, kwa maana uani kwake hapakuwa na udongo, palikuwa na mawe meusi ya volkano tu. Aliporudi ndani akamkuta mjukuu wake Élodie amekaa mbele ya kompyuta, mkono shavuni, chai haijaguswa.

"Kunywa, itapoa."

"Koko, ilishapoa."

"Basi kunywa ile iliyopoa."

Élodie akainywa. Alikuwa msichana mwenye kutii mambo madogo, na Koko alimshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu wengi hutii makubwa tu mbele za watu.

Msichana huyo alikuwa amesoma kompyuta mpaka akamaliza, lakini tangu mabenki yafungwe na uwanja wa ndege ufungwe, ofisi za Goma hazikuwa zikitafuta mtu. Shirika moja la mtaa wa Himbi lilikuwa limetangaza konkuri, shindano la vijana. Atakayeleta wazo la mradi ambalo hakuna mwingine amelileta, atapewa meza, mshahara na mwaka mzima wa kulifanyia kazi. Asipopata, Élodie angekwenda Kampala kwa mjomba wake Cikuru kumsaidia kuuza chaja za simu. Mfuko wake wa safari ulikuwa umekwisha kusimama karibu na mlango. Koko alipofagia aliuinua, akafagia chini yake, akaurudisha umeelekea ukutani. Alikuwa amemlea Élodie tangu wa kubebwa mgongoni, na jambo aliloomba kwa Mungu kila jioni lilikuwa moja: mtoto asiondoke.

"Bote wanaandika kitu kimoja," Élodie alisema. "Makaa ya takataka, sabuni, chakula kwa pikipiki. Ukisoma moja umesoma zote."

"Uliza batu wanataka nini."

"Nikiuliza wanataka nini, wanasema franka. Nitauliza wanakumbuka nini."

Akatoka. Siku zile alizunguka akiuliza swali moja: mchezo gani wa kompyuta uliupenda zamani, na leo haufunguki tena? Nesi mmoja wa kituo cha afya alikumbuka ndege iliyoangusha mikate, akaonyesha kwa mkono jinsi ilivyopinda. Mtawa wa parokia alikumbuka kupanga karata, akageuka kwanza kuhakikisha Mama Mkuu hasikii. Wote walishusha sauti, wote walitabasamu. Jioni Élodie alimwambia Koko kwamba hakuna aliyeeleza mchezo bila kutaja nani alikuwa amekaa karibu naye akiucheza.

Aliyeeleza kuliko wote alikuwa Papa Barthélemy, jirani yao, karani mstaafu. Alikuwa ameandika barua kwa kompyuta kwenye ofisi moja ya mradi wa maji, ofisi ambayo siku hizi haiko tena, hata ukuta wake umepakwa rangi ya duka la magodoro. Saa ya chakula, wenzake wakitoka, yeye alibaki akicheza mchezo uliojulikana kwa jina la Tiyo. Vipande vya tiyo, mabomba ya kupitishia maji, vilishuka kwenye skrini, vingine vimenyooka, vingine vimepinda. Ulivigeuza na kuviunganisha kabla maji hayajafika. Yakikuta mwanya yalimwagika, na mtu mdogo mwenye kofia alitokea pembeni akatikisa kichwa.

"Yule mutu wa kofia," Papa Barthélemy alisema, "alinitikisia kichwa miaka na miaka. Hata chefu wangu hakunitazamaka vile."

Diski za mchezo alikuwa amezitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na meno yake ya akiba. Nyingine zilikuwa zimeharibika. Élodie alisoma zilizosomeka, na palipooza alimwuliza mzee: kona ya kushoto ilikuwa na rangi gani, maji yalitoa sauti gani, kofia ilikuwa ya majani au ya kitambaa. Papa Barthélemy alifumba macho, akajibu. Wakati mwingine alifumba macho akalala, na Élodie alimfunika koti lake akaendelea na kazi kimyakimya. Koko aliliona hilo koti na likamtosha kama chakula.

Siku mchezo ulipofunguka ilikuwa Jumanne. Kompyuta yao iliishi kwa jua, kwa kuwa betri ilikuwa imekufa na waya ulitoka moja kwa moja kwenye bamba lililokuwa juu ya bati. Jua lilipogusa bati, skrini iliwaka. Élodie akacheza mstari wa kwanza, akakosea kona moja ya mwisho. Mtu wa kofia akatikisa kichwa. Wakati huohuo, nyumba ya pili, maji yakatoka kwenye pasi ya makaa ya Mama Généreuse, fundi wa kushona, aliyekuwa akinyoosha suruali ya bwana arusi. Mama Généreuse aliitoa pasi nje, akaweka bidoni chini yake, akasubiri mpaka likajaa nusu. Kisha akaja mlangoni kwa Koko.

"Mama Nshobole, nani kwenu anacheza na maji?"

"Élodie. Iko anajifunza."

"Mwambie aelekeze kwa borni. Suruali ya batu imelowana."

Élodie akaomba radhi, akarudi mezani, akageuza kile kipande cha kona. Maji ya kwenye skrini yakapita kona, yakapita mnyooko, yakafika mwisho. Mtaani, robine tatu za borni, koki zake za maji, zikakohoa, zikatema buibui, zikaanza kutoa maji.

Borni hiyo yafaa kuelezwa. Ni kibanda cha saruji kilichopakwa rangi ya bluu, chenye robine tatu mbele na tangi nyuma, kimesimama juu ya mawe ya volkano kwenye kona ya mtaa. Kilijengwa na mradi uleule wa Papa Barthélemy. Kibanda kilikwisha, jiwe la jina likabandikwa, lakini tiyo za kukiletea maji hazikulazwa. Kuchimba jiwe la volkano ni kazi, na kila mwenye kazi hiyo alimngoja mwenzake aanze. Hapo siku ya uzinduzi ikafika. Wageni walikuwa njiani, wamevaa vizuri, wengine wametoka mbali. Akina mama wa mtaa walitazamana. Mgeni hatiwi aibu, wakasema, tena aliyekuja kwa wema. Kabla jua halijapanda waliteremka ziwani na mabidoni, wakapanda nayo mgongoni, wakalijaza lile tangi. Koko Nshobole alikuwa mmoja wao, na Élodie alikuwa bado mdogo, alibeba kibidoni cha mafuta ya kula. Wageni walifungua robine, maji yakatoka, wakapiga makofi. Mkubwa wao alikunywa glasi nzima, na akina mama walifurahi kuona amekunywa yote.

Tangu hapo, kwenye ofisi zote, mtaa ule ulihesabiwa kuwa una maji. Walipokwenda kuomba tiyo waliambiwa kwa upole kwamba tiyo hupewa wasio na maji. Tangi lilipasuka, na akina mama waliendelea kuteremka ziwani.

Kwa hiyo maji yalipotoka Jumanne ile, hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Borni ilijengwa itoe maji, ikatoa. Walileta mabidoni.

Kuanzia siku hiyo Élodie alicheza kila asubuhi, jua lilipogusa bati mpaka mabidoni yalipokwisha. Mstari mmoja wa mchezo ulijaza mabidoni machache, kisha ilibidi kuanza mwingine. Maji ya Élodie yalikuwa ya haraka, baridi, yenye mapovu madogo, na watoto walipenda kuyanywa kwa sababu yaliwasha pua. Papa Barthélemy alipopokea zamu, maji yake yalitoka ya samawati kidogo, yakinuka wino na karatasi. Hayakuwa na ubaya, lakini mtu hawezi kumpa mtoto maji yanayonuka ofisi. Yaliosha sakafu, na sakafu zikang'aa. Mzee hakuchukia. Alisema kila mtu hutoa kile alichokunywa maishani.

Mahali penye mstari wa watu hujulikana nani ni nani. Koko, akiwa dirishani, aliwaona wote. Alimwona Mama Nyiransabimana, mwenye kutoka vilima vya Masisi, aliyekuwa ameishi chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya mpaka turubai zilipoondolewa, na sasa alipanga chumba kimoja na watoto wake. Huyu alifika wa kwanza, lakini hakuchota wa kwanza. Alisogeza mbele bidoni la mzee wa jirani asiyeona, akalijaza, akalipeleka, ndipo akarudi kushika nafasi yake. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo. Koko alimwambia Élodie, na Élodie siku hizo akawa anaanza na mstari mrefu kidogo wa mchezo, ili bidoni la yule mzee lisiingie kwenye hesabu ya mtu.

Kipindupindu kilikuwa kimeanza mitaa ya chini, kama kinavyoanza kila mwaka. Katika mtaa wa borni hakikuingia. Nesi wa kituo cha afya alipita kuuliza sababu, wakamwonyesha Élodie. Akamsalimia, akaomba ajaribu kidogo. Maji yake yalinuka dawa, wakayatumia kuoshea vidonda.

Élodie aliandika mradi wake kwa ajili ya konkuri: kufufua michezo ya zamani waliyoipenda watu, na mfano wake ni Tiyo. Siku ya kutembelewa, wakaja watu wawili kutoka Himbi. Mmoja aliitwa Monsieur Olivier, kijana mpole mwenye miwani. Mwingine ni Madame Patricia, mwenye viatu vyeupe. Kulikuwa na matope mbele ya borni, jambo ambalo mtaa wa mawe haukulijua zamani. Madame Patricia akavua viatu akapita pekupeku, na akina mama wakampenda papo hapo.

Élodie alicheza, maji yakatoka. Monsieur Olivier akakinga kiganja, akanywa.

"Ni mazuri. Ni baridi."

"Njo maji ya Élodie," Mama Généreuse alimweleza. "Ukitaka ya kuosha gari, tunamwita Papa Barthélemy."

Wakaingia ndani, Koko akawapa viti na chai. Monsieur Olivier alizunguka na maneno kidogo, kwa sababu hakutaka kumuumiza mtu.

"Mama, iko hivi. Konkuri ina mafungu. Kwa fungu la maji, hatuwezi. Mutaa huu unahesabiwa una maji."

"Una maji tangu mutoto aanze kucheza," Koko alisema.

"Kwetu ni tangu borni izinduliwe."

"Siku ile maji ilikuwa ya ziwa. Tuliileta siye, na mugongo."

"Mulifanya vizuri, mama. Aksanti." Alisema hivyo kwa moyo wake wote. "Na kwa fungu la michezo, wanataka kitu kipya. Hii ni ya zamani."

"Na tiyo za kweli mutalaza lini?"

"Tiyo zinalazwa penye hakuna maji, mama. Hapa tumeona wenyewe, yanatoka."

Koko akamwongezea chai. Chai ya mgeni ilikuwa imepungua. Alipotoka, Monsieur Olivier alimkuta mama mmoja mjamzito akihangaika na bidoni, akalibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwake, suruali ikalowana. Koko alilitazama hilo kwa muda mrefu. Kijana alikuwa mwema kabisa, na mtaa haukupata tiyo.

Aliyeshinda konkuri ni mwenye sabuni.

Élodie alivuta mfuko wake ukageuka kutazama chumba. Lakini Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya usafi ya mtaa, wakati kila mtu amekwisha kufagia mbele ya mlango wake, Madame Patricia alirudi peke yake, bila gari, viatu mkononi tangu kona. Baba yake, alisema, alikuwa amesahau majina ya watoto wake. Zamani alicheza mchezo mmoja wa kuvusha mbuzi kwa mtumbwi. Élodie angeweza kuutafuta? Élodie aliutafuta, akaufufua. Yule baba alipoucheza hakukumbuka majina, lakini mbuzi mmoja alitokea uani kwake Himbi, hajalowa maji, mwenye afya, na mzee alimtambua mbuzi. Alimwita kwa jina. Madame Patricia aliona hilo ni jambo kubwa.

Ni yeye aliyezungumza na watu wa Kampala. Huko kulikuwa na karakana ya vijana wanaofufua michezo ya zamani na kutengeneza mipya kutokana nayo, na walikuwa wakitafuta mtu anayejua kuuliza watu wanakumbuka nini. Wakampigia Élodie simu, wakazungumza naye mchana mzima. Alipoweka simu chini, uso wake ulikuwa ule wa siku ya komunyo ya kwanza, na Koko alijua kabla hajaambiwa.

"Wananitaka, Koko. Kazi yenyewe. Hapana chaja."

"Utaenda lini?"

Élodie akatazama dirishani. Mabidoni ya njano yalikuwa yamejipanga mpaka kwa fundi wa baiskeli.

"Siendi," alisema. "Nani atafungua maji?"

Akachukua mfuko, akatoa nguo moja moja, akazirudisha kwenye sanduku.

Basi Koko Nshobole alipata alichoomba. Jioni ile alipika sombe ya majani ya muhogo na visamaki vya sambaza vibichi, akaweka mafuta bila kupima. Alilala akiwa na furaha, na asubuhi aliamka nayo.

Furaha hiyo ilikaa siku kadhaa, kisha maji yakabadilika. Yalitoka, baridi kama zamani, lakini hayakuwa tena na mapovu. Sabuni ilikataa kutoa povu ndani yake. Maharagwe yalichukua mchana kutwa kuiva. Bidoni la maji hayo lilikuwa zito kuliko bidoni la zamani, na akina mama walipumzika mara mbili njiani. Hawakulalamika. Mama Généreuse tu ndiye aliyesema, naye alisema kwa sauti ya chini, akimsaidia Koko kutua mzigo.

"Mama Nshobole, maji ya Élodie imekuwa nzito."

"Niliona."

"Si kosa lake. Mutoto anacheza, na macho iko Kampala."

Koko aliingia ndani, akakaa nyuma ya mjukuu wake, akamtazama. Élodie aligeuza vipande bila kukosea hata kimoja. Mtu wa kofia hakuwa na sababu ya kutokea. Vidole vilifanya kazi, na mwenyewe alikuwa ametulia kama mtu anayengojea daktari. Hapo Koko alielewa kwamba alichoomba kila jioni alikuwa amepewa, na kwamba hakikuwa kizuri.

Mabidoni yalipokwisha alivuta kiti.

"Nifundishe."

"Koko, macho yako—"

"Macho yangu ilikuosha wewe kwa beseni, na hukuniponyoka. Nifundishe."

Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Kipanya kilimtoroka mkononi, na alimwita bwana. "Bwana, rudi hapa," alimwambia. Siku ya kwanza maji yake yalitoka kwenye kiatu cha Papa Barthélemy, cha kushoto, akiwa amekivaa kanisani. Siku ya pili yalitoka kwenye kengele ya shule, na wanafunzi wakakinga vikombe. Siku iliyofuata yalitokea ndani ya ngoma ya kwaya, na kwaya ikaimba bila ngoma. Mtu wa kofia alitikisa kichwa mpaka ikawa kama anatikisa kwa mazoea. Koko alimsalimia kila alipotokea, kwa kuwa mtu akija kwako husalimiwa, hata akija kwa lawama. Baada ya muda akawa anatikisa polepole, kwa adabu.

Élodie alicheka siku zile. Alicheka mpaka akalala mezani. Aliposhika zamu yake baada ya kicheko, mapovu yalirudi.

Kisha asubuhi moja Koko aliunganisha mstari mzima. Alichukua muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, lakini maji ya mchezo, yakiwa yanamfuata nyuma, nayo yalipunguza mwendo. Robine tatu zilitoa maji membamba, ya vuguvugu kidogo, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mama mmoja aliyejifungua juzi aliweka kiwiko chini yake, akaitikia kwa kichwa.

"Haya ya nani?"

"Ya Koko."

"Basi mimi nitangoja ya Koko."

Mstari wake ulikwenda taratibu, lakini hakuna bidoni lililorudi tupu. Nesi aliyapima, akasema ni masafi. Élodie alisikia, akamtazama bibi yake, na bibi yake akatazama skrini.

"Koko, unanifukuza?"

"Nakufukuza. Pigia ile batu simu."

Basi la Kampala lilikuwa likiondoka asubuhi, jua likishapanda kidogo. Na hapo palikuwa na jambo ambalo wote wawili walilijua na hakuna aliyelitaja. Msafiri husindikizwa. Anayekupenda hubeba mfuko wako, hukufikisha mpaka kwenye gari, husimama pale mpaka gari lipige kona, ndipo arudi nyumbani. Asiye na wa kumsindikiza huonekana mbele za watu kama aliyefukuzwa. Koko alikuwa amewasindikiza wote waliotoka nyumbani mwake, mume wake mpaka melini, binti yake mpaka makaburini. Lakini saa ya basi ilikuwa saa ileile ya maji. Kabla ya jua kompyuta haikuwaka, na baada ya hapo akina mama walikuwa wanakwenda sokoni na watoto shuleni. Papa Barthélemy alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akasema atacheza yeye. Koko alimshukuru. Mtaa wa chini walikuwa wamezika watu wawili wa kipindupindu wiki ile, na maji ya kunywa yalikuwa ya lazima. Ya wino hayangefaa.

Wiki hiyohiyo ofisi ya Himbi ilileta wapaka rangi. Waliipa borni rangi mpya ya bluu, wakatengeneza maandishi ya jiwe la jina, wakanywa maji ya Koko wakiwa juu ya ngazi, wakaondoka.

Siku ya safari Élodie alivaa kitenge kipya. Koko alikuwa amemchemshia mayai, amemfungia ndizi na karanga. Jua lilipogusa bati, skrini ikawaka. Nje, mstari ulikuwa umefika kona. Élodie alipiga magoti, Koko akamwekea mkono kichwani, akambariki kwa maneno ya kwao Bukavu, mafupi. Kisha ikabidi ashike kipanya.

"Nenda. Usitembee na mayai mfukoni."

"Sitatembea nayo, Koko."

Élodie akaubeba mfuko mgongoni, akatoka. Alipita mbele ya mstari wa akina mama peke yake. Nao walimwona anapita peke yake.

Mama Nyiransabimana alikuwa wa tatu katika mstari. Alimtazama msichana, akatazama dirisha ambalo nyuma yake kisogo cha Koko kilikuwa kimeinama. Akaacha bidoni lake chini pale alipokuwa, akakimbia kidogo, akamfikia Élodie, akauchukua ule mfuko kutoka mgongoni kwake akaujitwika mwenyewe. Wakapiga kona pamoja.

Mstari uliendelea. Mtu alipochota na kuondoka, aliyekuwa nyuma ya bidoni la Mama Nyiransabimana alilisogeza mbele kwa mguu, polepole, lisianguke. Lilipofika kwenye robine, Mama Généreuse alilifungua, akalijaza mpaka shingoni, akalifunga, akaliweka kando kivulini. Kisha akajaza lake.

Ndani, Koko aligeuza kipande kilichonyooka, akageuza kilichopinda. Alikosea mara moja tu, na mtu wa kofia alipotokea hakutikisa kichwa. Alivua kofia, akasimama nayo mkononi kidogo, akarudi alikotoka. Koko aliona ni vyema amefanya hivyo. Akaanza mstari mwingine.

Jua lilikuwa limepanda sana Mama Nyiransabimana aliporudi. Vumbi la barabara lilikuwa limemfika magotini. Alisimama mlangoni, akavua kandambili, akaingia.

"Amepanda," alisema. "Wamemupa nafasi ya dirisha."

Koko hakugeuka, kwa sababu maji yalikuwa karibu na kona.

"Alikula?"

"Alikula yai moja. Lingine alimupa mama mumoja mwenye mutoto, walikuwa wamekaa naye."

"Alitazama nyuma?"

"Alitazama. Nilisimama pale mpaka basi ikapiga kona. Nilipunga na mikono mbili, moja yako."

"Aksanti, mama."

"Njo vile, mama."

Mama Nyiransabimana alivuta kigoda akakaa, apumzishe miguu kabla ya kwenda kuchukua bidoni lake. Kwenye skrini maji yalipita kona yakaendelea.

"Wamebaki wengi?" Koko aliuliza.

"Mpaka kwa fundi wa baiskeli."

Koko akasogeza kiti karibu na meza, akageuza kipande kingine, na huko nje mtu akasema yanakuja.